Barakoa Ilivyonifumbua Macho Darasani

Oktoba 2020, shule zilipoanza kufunguliwa baada ya karibu miezi saba ya korona, gredi ya nne walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa kurudi, pamoja na darasa la nane na kidato cha nne. Gredi ya nne ilikuwa yangu, hapa kisiwani Amu, yaani Lamu. Watoto 54, kila mmoja na barakoa yake, na mimi na yangu.

Kulikuwa na binti mmoja niliyemfundisha tangu gredi ya tatu. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mpole, daftari lake safi. Wiki mbili baada ya kurudi alikuwa kama mtoto mwingine. Nikisema fungueni ukurasa fulani, anamtazama jirani afungue kwanza. Nikimwuliza swali, anainamisha kichwa. Nikaandika kwenye kitabu changu cha rekodi: "Amerudi mzito. Hafuatilii." Kitabu hicho ninacho mpaka leo, na maneno hayo yananiuma kila nikiyaona.

Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa nakunywa maji, barakoa nimeishusha kidevuni. Nikamwita aniletee chaki. Akaja mbio. Nikapandisha barakoa, nikamwomba na kifutio, kwa sauti ile ile na kutoka pale pale. Akabaki ananikodolea macho. Nikaishusha tena, nikarudia, akakileta. Miguu iliniisha nguvu. Mtoto huyu alikuwa akisoma midomo yangu zaidi ya mwaka mzima, nami sikujua.

Jioni nikaenda kwao Langoni. Nilimkuta nyanyake barazani.

"Masalkheri, bibi."

"Akheri, mwanangu. Karibu. Kuna nini, mbona mwalimu mwenyewe?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Kusikia asikia, mwanangu. Ni kitwa kigumu."

Sikubishana naye. Nilimwuliza tu kama mtoto aliwahi kuumwa masikio. Akakumbuka kwamba alipokuwa mdogo sikio moja lilitoa usaha muda mrefu, likakauka, watu wakasahau. Tulipompeleka kupimwa, ikaonekana sikio la kushoto halisikii karibu chochote na la kulia linasikia nusunusu. Kifaa cha kusikilizia kilichukua zaidi ya mwaka kupatikana, kwa hiyo muda wote huo ilibidi darasa lenyewe limfae.

Mwalimu mwenzangu alisema apelekwe shule maalumu. Nilikataa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi za elimu zilizo pamoja na jamii, kadiri inavyolingana na maslahi yake. Angekuwa hasikii kabisa, mimi mwenyewe ningetaka awe na wenzake wanaotumia Lugha ya Ishara ya Kenya, maana pale ndipo angepata lugha kamili ya kuongea na watu. Lakini huyu alikuwa anaongea, anasoma, ana shoga zake mtaani. Alichokosa ni kuuona mdomo wa mwalimu.

Basi nikaanza na mdomo wangu. Fundi cherehani mmoja alinishonea barakoa yenye dirisha la plastiki. Ilikuwa ikijaa ukungu nikisema sentensi mbili, mpaka nikagundua kwamba nikiisugua kwa ndani na sabuni kavu kidogo kisha nikaifuta, inakaa kipindi kizima. Nikaacha kusema huku nimeupa ubao uso. Naandika, nanyamaza, nageuka, ndipo nasema. Jaribu siku moja utaona ni mara ngapi unazungumza na ubao. Nikamkalisha mbele, upande wa kushoto, ili sikio la kulia lielekee kwangu na kwa wenzake. Kisha nikagundua kosa kubwa kuliko yote. Nilipenda kusimama dirishani kwa ajili ya upepo. Kwa mtoto anayesoma midomo, mwalimu aliyeupa mwanga mgongo ni kivuli tu. Nikahamia ukuta wa pili, jua linipige usoni. Joto la kaskazi nililivumilia.

Mambo haya yalinitia wasiwasi mwingine: kama huyu nilimkosa, ni nani tena ninayemkosa? Wiki moja nikachora orodha ya majina yote 54, na kila mtoto akisema neno darasani naweka alama. Ijumaa nikahesabu. Watoto 11 walikuwa wamesema karibu kila kitu. Wengi wao wavulana, wengi wa mitaa yetu hii ya Mkomani na Langoni. Watoto 19 hawakuwa na alama hata moja. Humo mlikuwa na Wabajuni wawili waliotoka visiwa vya juu na wanaishi kwa mashangazi, na mtoto wa Kigiriama ambaye babake alikuja Amu kwa kazi ya ujenzi. Nilikuwa nikijisifu kwamba nawapenda wote sawa. Karatasi ilinionyesha ninaowasikiliza.

Chuoni tuliwahi kusoma habari za mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, ambaye miaka ya 1970 alionyesha kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuita mwingine au kujibu mwenyewe, na kwamba akisubiri hata sekunde tatu, majibu yanarefuka na wanaojitokeza wanaongezeka. Nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, moja mpaka tano, mikono nyuma. Kimya hicho mwanzoni kilinichoma kama moto.

Nikaongeza na vijiti vya majina ndani ya kopo la maziwa. Anayetoka ndiye anayejibu. Hapo nikaharibu. Siku ya tatu kilitoka kijiti cha mvulana mwenye kigugumizi. Akasimama, neno likamkwama, wenzake wakacheka, na kesho yake hakuja. Siku tatu. Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya mamake, nikamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akasema, "Mwalimu, niambie jana." Alimaanisha nimpe swali siku moja kabla. Tukaafikiana hivyo: mchana nampa swali la kesho, analifanyia mazoezi nyumbani, na kijiti chake nikakitoa koponi. Wapo walionung'unika kwamba anapendelewa. Niliwauliza kama yule wa miwani anapendelewa kwa kuvaa miwani.

Lililonigusa mimi binafsi zaidi ni la lugha. Mtoto mmoja aliandika katika insha: "Nalitumwa mtele, ndiani nikaona punda ameanguka na mtanga wote." Nilizungushia maneno manne kalamu nyekundu. Usiku nikaisoma tena. Ni sentensi nzuri, na ndivyo alivyosema marehemu mamangu. Mwaka 1928, kikao cha Mombasa kilichagua Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mtoto wa Amu ambaye mashairi makubwa ya zamani yalitungwa kwa lugha ya bibi yake akaja kuambiwa hajui Kiswahili. Sanifu lazima aijue, mtihani hauna huruma. Ila sikutaka aijue kwa aibu.

Nikabandika karatasi ukutani yenye safu mbili, ya nyumbani na ya mtihani. Kitwa, kichwa. Mtele, mchele. Mtanga, mchanga. Ndia, njia. Watoto wenyewe wakaona kanuni: t yetu mara nyingi ni ch yao, nd yetu ni nj. Mmoja akauliza kama tembo ni chembo, tukacheka wote, tukaandika kwamba si kila t. Yule mtoto wa Kigiriama, asiye na alama hata moja, akanyoosha mkono bila kuitwa. "Mwalimu, na sisi twasema madzi." Nikamwita aandike. Akachora safu ya tatu kwa mkono wake: madzi, dzuwa. Wabajuni nao wakadai yao.

Mwaka ulipokwisha na yule binti wa barakoa akapanda darasa, niliandika karatasi nikamkabidhi mwalimu wake mpya, kama ninavyofanya sasa kwa kila mtoto mwenye jambo lake. Niliandika: Sikio zuri ni la kulia. Akae mbele, upande wa kushoto. Usiseme ukiwa unaandika. Akitikisa kichwa kwamba ameelewa, mwambie akueleze. Na tafadhali, mwalimu, usisimame dirishani.