Siku nilipomwaga manukato ya mjomba

Niseme ukweli toka mwanzo, mi nilikuwa mtu wa pafyumu tamu. Zile nzito za vanila, ukijipulizia mara mbili tu shingoni watu wanajua umefika kabla hujabisha hodi, na ukishaondoka kochi linabaki linanukia mpaka kesho yake. Nilikuwa na miaka 26, kazi ya kwanza, mshahara wa kwanza, na kwa akili yangu ya wakati ule pafyumu ambayo mtu wa pili haisikii ni hela umeitupa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa kinyume changu kabisa. Kachora ramani za majengo maisha yake yote mpaka kastaafu, mtu wa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hata siku ambayo hatoki nje. Ukimkumbatia unapata limau, na si lile limau la kwenye sabuni, limau lenyewe na uchungu wa ganda lake, halafu chini ya hilo limau kuna kitu kingine, cha kijani kilichoiva mpaka kikawa cheusi, kama chini ya mti mkubwa mvua ikishakatika, na ukitaka kukinusa vizuri kinakuwa kimeshapita. Toka utotoni nilijua hiyo ndo harufu yake yeye, ya ngozi. Kwamba inatoka kwenye chupa nimekuja kujua nishakuwa mtu mzima, siku nimefungua kabati lake natafuta bisibisi.

Mwaka aliotimiza miaka 70 nikaona hapa ndo pa kujionyesha. Nikasoma jina kwenye ile chupa, nikahangaika mpaka nikapata jina hilohilo, boksi jipya, nailoni yake haijaguswa. (Jina lenyewe naliacha, sitaki kugombana na mtu.) Akafungua mbele yangu, akajipulizia kidogo kwenye kifundo cha mkono, akanusa, akasema "ahsante sana mjomba", maana sisi yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, akairudisha kwenye boksi lake. Miezi mitatu baadaye nimefungua tena lile kabati, chupa imejaa vilevile kama siku niliyoileta. Roho iliniuma, siwezi kuficha.

Nikamuuliza palepale. "Mjomba, zawadi yangu hukuipenda?"

"Niliipenda."

"Mbona huitumii sasa?"

Akavua miwani, akaifuta, hiyo kwake ni dalili kwamba anatafuta maneno yasiyoumiza. "Huyu kapewa jina la babu yake, mjomba. Na sura kachukua. Ila babu mwenyewe si yeye."

Nikacheka, nikamwambia kwa heshima zote hayo ni mambo ya umri, kila mtu anaona cha ujana wake ndo kilikuwa kitamu. Hakubisha. Akaenda mezani kwake, akachukua karatasi nene ya kuchorea akakata vipande viwili vyembamba vinavyolingana kabisa (kwa rula, mtu huyu hawezi kukata kitu bila rula), akaandika kwa penseli A na B kwa chini, akaniambia nigeukie dirishani. Ile mpya ni ya kupuliza na ile ya zamani ni ya kumimina, kwa hiyo ili sauti isinisaidie ile mpya akaipulizia kwenye kijiko kwanza halafu ndo akachovya. Tone moja moja akanipaka na mikononi, kulia na kushoto.

Ya A ilikuwa safi hatari. Limau linang'aa, kama mtu kalimenya puani kwako sasa hivi. Nikahamia B, mama yangu! Dawa ya kufutia rangi ya kucha, tupu, na nyuma yake harufu ya droo iliyofungwa miaka. Nikageuka nimeshashinda. "Mjomba hii B ndo yako na imeoza, tuitupe leoleo."

Akasema, "Umeshapata jibu? Kaa sasa. Usinuse kitu dakika ishirini."

Na zile dakika ishirini ndo nilisomeshwa, nikiwa nimeshika vipande vyangu viwili kama mtoto anayesubiri kukaguliwa. Kwamba mafuta ya jamii ya ndimu na machungwa yanakamuliwa kwenye ganda, na ni mepesi mno, ndo ya kwanza kuruka ukijipaka, na kwenye chupa ndo ya kwanza kuharibiwa na hewa, joto na mwanga. Chupa yake aliinunua kabla mi sijazaliwa. Ameitunza ndani ya boksi ndani ya kabati, mbali na dirisha, na bado uso wake umechakaa. "Uso," akasema, "mgongo haujaguswa."

Halafu akanieleza aina yenyewe. Inaitwa shipre, Wafaransa wanaandika Chypre, ndo jina lao la kisiwa cha Kupro. Mwaka 1917 François Coty alitoa manukato yenye jina hilo, na toka hapo likawa jina la ukoo mzima. Juu unaweka bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi Calabria kule kusini mwa Italia. Katikati na chini labdanamu, utomvu unaonata wa kichaka kimoja cha pwani za Mediterania, mara nyingi na pachuli, mmea wa majani yenye harufu ya udongo, na chini kabisa kuvumwani ya mwaloni. Hapo nilimkatiza, kuvumwani ndo nini? Ule ukoga ukoga wa kijivu unaoota kwenye magome ya miti, akasema, kuna wa aina moja unaopenda mialoni ya Ulaya, wanaukusanya, wanauloweka wanatoa dondoo lake, na lile dondoo ni jeusi, zito, linanuka msitu na wino. Nikamwambia mjomba yaani ulikuwa unajipaka ukoga miaka yote hii. Akacheka mpaka akakohoa.

Baadaye nilikuja kufuatilia mwenyewe nikakuta kumbe hakuwa anatunga. Zile za wanaume zilizoweka limau mbele na ukoga nyuma zina historia yake nzuri tu. Chanel walitoa Pour Monsieur mwaka 1955, kazi ya Henri Robert, Monsieur de Givenchy ikafuata 1959, na mwaka 1966 Edmond Roudnitska akawatengenezea Dior ile Eau Sauvage, ambayo ndani yake mna hedioni, molekuli ya maabara yenye harufu ya yasmini ila nyepesi sana, karibu na hewa yenyewe. Hiyo ndo inafanya limau lionekane lina nafasi ya kupumua. Mi naona ujanja wote wa ukoo huu uko kwenye uchungu. Limau peke yake, kama kwenye zile kolonya za zamani, yale manukato mepesi, linafurahisha halafu nusu saa limekwisha umebaki na shati lako. Sasa ukoga nao una uchungu wake, uchungu unaofanana na ule weupe wa ndani ya ganda la limau, kwa hiyo limau likiondoka pua haishtuki, inaendelea kuamini lipo. Unadanganywa, ila kistaarabu.

Dakika ishirini zikafika. A ilikuwa imetulia, imekuwa shati jeupe, sabuni nzuri, mtu anayeenda kwenye interview kajiandaa. Sina neno baya nayo hata leo. B nikaileta puani huku nimekunja uso.

Ile dawa ya kucha haikuwepo. Imekatika kama mtu kazima redio chumba cha pili na ndo unagundua kumbe ilikuwa inapiga. Kilichobaki kilikuwa kimya kwanza, halafu kikaanza kuja polepole, gome bichi, wino, ngozi ya mkoba wa zamani ukiufungua, chumvi kidogo kwa mbali, na hapohapo juu yake ule uchungu wa ganda, sijui umetokea wapi wakati dakika ishirini zilizopita nimeuzika mwenyewe. Nikanusa mkono. Kwenye mkono ilikuwa zaidi, ilikuwa na joto. Ilikuwa ni yeye, yule wa kumkumbatia nikiwa na miaka sita na kichwa changu kinamfika tumboni, sasa yuko kwenye mkono wangu mimi na nywele zangu mimi. Sikusema kitu kwa muda. Yeye naye hakuuliza, aliendelea kuchonga penseli.

"Kwa nini hawatengenezi hivi tena?" ndo swali lililonitoka.

Akaniinamia, akashusha kola, akanionyesha alama ya kahawia shingoni. Ile alama naijua toka nimezaliwa, inateremka nyembamba kama tone la maji, siku zote nilidhani amezaliwa nayo. Kumbe ni ujana. Alikuwa anajimiminia kolonya halafu anashinda juani, na mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa yana kitu kinaitwa bergapteni, kikikutana na jua kinaunguza ngozi na kuacha doa. Siku hizi wanakitoa kabla. Na ukoga nao hivyohivyo, ngozi za watu wengine zinauchukia vibaya mno, zinavimba na kuwasha, kwa hiyo shirika la kimataifa la wenye viwanda vya manukato, IFRA, likauwekea kikomo, asilimia 0.1 ya manukato yenyewe. Umoja wa Ulaya ukaja kwenda mbali zaidi, ukapiga marufuku molekuli mbili zilizomo ndani yake, atranoli na kloroatranoli, na kufikia Agosti 2021 bidhaa zenye hizo zilitakiwa ziwe zimeondoka madukani kwao. Watengenezaji sasa wanatumia ukoga uliosafishwa au wanauiga, na wapo wanaoiga vizuri. Siwezi kumlaumu mtu hapo, mwenye shingo yenye doa mwenyewe hakuwalaumu. Alisema tu, "Walikuwa na sababu," akafunga kola.

Sasa hapa ndo nilipoharibu.

Nilitaka kuinusa kutoka kwenye chupa yenyewe. Kifuniko chake ni cha kuzungusha na kilikuwa kimegandana, kuna utandu wa njano umekauka kwenye nyuzi zake, nikakaza, kikagoma, nikakaza tena, kikaachia ghafla na mkono wangu ukaruka nao. Chupa haikuvunjika. Ililala tu ubavuni mezani ikawa inatoa glug, glug, glug, na mi badala ya kuinyanyua nimeganda naitazama kama inamtokea mtu mwingine. Mjomba ndo aliyeisimamisha. Nyingine imeenda kwenye karatasi zake, nyingine kwenye suruali yangu kuanzia pajani mpaka goti. Ndani ilibaki ya upana wa kidole.

Naapa ningependa anifokee. Alichofanya ni kutoa leso yake mfukoni, nyeupe, imekunjwa mara nne, akaikunjua yote akaanza kufuta meza. Taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, anakamata kila tone, anageuza leso upande mkavu, anafuta tena, mpaka meza ikawa inang'aa na leso imelowa imekuwa ya njano njano. Akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akaiweka mfuko wa shati. Wa kifuani.

"Basi," akasema, "leo nyumba nzima ni mimi."

Niliomba msamaha mpaka yeye ndo akaanza kunibembeleza mimi. Nikaondoka na suruali yangu imelowa, nikifika kwangu nikaitundika nyuma ya mlango na sikuifua wiki tatu, kila nikifungua mlango inanisalimia, na cha ajabu kila wiki lile limau linazidi kufifia ila ule msitu wa chini uko palepale. Asubuhi ya pili yake nilijipulizia ile vanila yangu kama kawaida, nikaona kama mtu anayeongea na wewe huku kakushika mkono hataki uondoke. Nikaioga.

Nilikaa karibu miezi miwili bila kwenda kwake, aibu. Nilipokwenda alinifungulia mwenyewe, akanikumbatia kama siku zote, na nikalipata limau, safi, linang'aa, la leo. Nikajua. Nikasema moyoni basi ameikubali A, ndo hivyo, chupa nimemmalizia atafanyaje. Halafu hakuniachia haraka, na chini ya lile limau ukaja msitu. Wenyewe, na wino wake na gome lake.

Nikarudi nyuma nikamtazama. Mfuko wa kifuani ulikuwa na leso, imekunjwa mara nne, ncha yake moja ya njano imechungulia juu kidogo.

Akaona ninapotazama. Akaisukuma ndani kwa kidole.

"Usimwambie mtu kwamba sijaifua," akasema, "na ile chupa yako imefika nusu."