Vichochoro vya Glasgow kabla Ulaya haijawa Ulaya

Haipiti muda kabla mtu hajanirushia ile video. Mnaijua. Mtaa wa Ulaya ya zamani, farasi wanakokota tramu, wanaume wamevaa kofia, akina mama wanashika sketi zisiburuzike chini. Kompyuta imepaka rangi, imeongeza mlio wa kwato, na chini yake ndugu wa nyumbani ameandika: "Wenzetu walianza zamani." Kwa kuwa naishi Glasgow, huku Uskochi, na mojawapo ya video hizo ni ya hapa hapa, naona nijibu mara moja, wote msome.

Hiyo ya Glasgow ni Jamaica Street, 1901, mwaka aliofariki Malkia Victoria. Waliopiga ni kampuni ya Mitchell na Kenyon wa Blackburn, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Biashara yao ilikuwa nyepesi: piga filamu umati barabarani au wafanyakazi wakitoka kiwandani, kisha waalike watu walewale waje walipe kiingilio wajione. Ndiyo maana kila mtoto kwenye filamu zao anaikimbilia kamera. Filamu zao asilia (negativu) kama 800 zilikaa kwenye madumu ya chuma chini ya duka moja huko Blackburn hadi 1994, mafundi walipokuwa wakilibomoa. Zingeweza kabisa kwenda jalalani.

Kamera zile zilizungushwa kwa mkono, picha kama 16 kwa sekunde. Ukizicheza kwa mwendo wa leo watu wanachapa miguu kama kuku waliofukuzwa jikoni. Kompyuta inaurekebisha mwendo kwa kubuni picha za katikati, na hapo sina ugomvi sana. Ugomvi wangu ni rangi. Video niliyotumiwa majuzi ina majengo ya rangi ya mchanga msafi, anga ya buluu. Jamani! Glasgow ya wakati ule ilikuwa inachoma makaa ya mawe usiku na mchana, na majengo yalikuwa meusi kwa masizi. Yalikuja kusuguliwa baada ya nusu ya pili ya karne ya 20 kuanza. Mji uliosafishwa juzi umepakwa juu ya mji uliokuwa unakohoa, nasi tunaupigia makofi.

Mkitaka kuiona Glasgow ya Victoria, tafuteni picha za Thomas Annan. Kwenye maktaba ya Mitchell hapa mjini wanazo, na mtandaoni zipo. Mwaka 1866 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kubomoa mitaa chakavu ya katikati ya mji, na wasimamizi wa mradi wakamwajiri Annan aipige picha kabla haijabomolewa. Alifanya kazi hiyo kati ya 1868 na 1871, kwenye vichochoro vya High Street, Saltmarket na jirani zake.

Ipo moja ya uchochoro namba 118, High Street. Kuta mbili ndefu zimekaribiana, mfereji wa maji machafu unapita katikati ya mawe, na watu wamejibanza pembeni wakimtazama mpiga picha. Kwenye uchochoro namba 46, Saltmarket, miti imetokeza madirishani imeanikwa nguo, ghorofa juu ya ghorofa. Nilimtumia mpwa wangu aliyeko Dar bila maelezo. Akajibu, "Mjomba, hapa ni Manzese ya zamani?"

Sikumcheka. Picha zenyewe zina giza, nyuso hazionekani vizuri. Annan alitumia vioo vilivyopakwa dawa, na kioo kilipaswa kupigiwa picha na picha kusafishwa dawa yake ikiwa bado mbichi, kwa hiyo ilibidi chumba chake cha giza kiwe hapo hapo karibu. Dawa ile iliona mwanga wa buluu na kuuona wekundu kama weusi. Ndiyo maana anga kwenye picha hizo ni jeupe tupu. Na kwa kuwa jua lilikuwa haliingii mle ndani, kamera iliachwa wazi kwa muda mrefu. Mtu mzima aliyeweza kutulia ametoka. Mtoto aliyejikuna au kugeuka amebaki wingu. Aliyepita na ndoo mkononi hayupo kabisa.

Hilo lilianza na picha za mwanzo kabisa. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alipiga picha barabara ya Boulevard du Temple kule Paris, mchana, watu na magari ya farasi wakipita, na barabara ikatoka tupu. Aliyeonekana ni bwana mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Mng'arishaji mwenyewe mnamkisia tu hapo miguuni.

Sasa, akina nani walijazana vichochoroni Glasgow? Wenye fedha walikuwa wameshahamia upande wa magharibi wa mji. Wenye nyumba wakavigawa vyumba, wakajenga na uani, kisha wakajenga nyuma ya hapo. Waliopanga wengi wao walikuwa wahamiaji: Waayalandi waliokimbia njaa ya miaka ya 1840, na watu wa nyanda za juu za Uskochi waliofukuzwa kwenye ardhi ili kondoo wapate malisho. Akina sisi wa wakati ule. Homa ya chawa iliwamaliza, magazeti yakawaita wachafu. Hata ubomoaji wenyewe ulikwama baada ya benki ya City of Glasgow kuanguka mwaka 1878, na waliovunjiwa wakaenda kubanana mtaa wa pili.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na kuna jambo ambalo sikuacha kuliwaza nilipoziona picha hizi. Annan huyuhuyu ndiye aliyempiga David Livingstone picha ile maarufu ya 1864, ameketi, uso umetulia, kila mvi inahesabika. Livingstone alizaliwa Blantyre, jirani tu na hapa, kwenye jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia nzima chumba kimoja. Miaka ambayo Annan alikuwa vichochoroni, yeye alikuwa anazunguka magharibi ya Ziwa Tanganyika akiandika habari zetu. Februari 1874 mwili wake ukafika Bagamoyo, ukawekwa kwenye kanisa la misheni. Mnara bado upo, na watoto wa shule wanapelekwa kuuona.

Waliomfikisha pwani walitembea naye miezi kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, Zambia ya leo. Watumishi wake wawili kati yao, Chuma na Susi, walikuja Uingereza mwaka huohuo kwa nauli ya James Young, tajiri wa mafuta ya taa mzaliwa wa Glasgow, wakasaidia kuandaa shajara za marehemu, nao wakapigwa picha. Nyuso zao zimetoka wazi. Wenzao makumi walilipwa ujira wao Zanzibar wakatawanyika, bila kamera kuwangoja watulie.