Kule Hakuna PCB, Kaka

Mshauri wa masomo wa shule ya binti yangu kule Ohio, Marekani, kaniandikia barua pepe yenye adabu tele, adabu ile ya Wamarekani ya kukushukuru mara tatu kabla ya kukutukana. Binti kachagua Baiolojia ya AP na Kemia ya AP, masomo ya sekondari yenye kiwango cha chuo, kwa mwaka ujao, akiingia darasa la kumi na moja. Mshauri anahofia mzigo utamwelemea, na je, hatuoni Sayansi ya Mazingira ingemfaa zaidi? Mtoto ana A ya kemia. Ana A ya baiolojia. Kilichomtia hofu yule mama ni nini, kama si jina refu na mzazi anayevaa mtandio? Mniwie radhi, leo naandika na hasira zangu.

Sayansi ya Mazingira si somo baya, ina AP yake na watoto wa watu wanaisoma. Lakini mtoto anayetaka udaktari ukimtoa kwenye kemia umemtoa njiani, na kama aliyemtoa ni mtu mzima anayelipwa kumshauri, basi tuulizane vizuri.

Barua yenyewe imenikuta Tanga. Nimekuja harusini, nimefikia kwa kaka Ngamiani, na nikajifanya mjanja kuisoma kwa sauti ukumbini. Kaka akaniangalia kama mtu aliyesikia kituko.

"Kwani mwanao mpaka leo hajachagua kombi?"

Yeye lazima aseme. Matokeo ya kidato cha nne yametoka juzi, kijana wake kapata divisheni wani, PCB imebalansi, habari imekwisha. Fizikia, Kemia, Baiolojia, ongeza BAM, ile hisabati ya msingi, na masomo mengine ya lazima, miaka miwili, mtihani wa NECTA, halafu MUHAS, chuo cha tiba Muhimbili, au chuo kingine Mungu akijalia. Miaka mitano ya MD, digrii ya udaktari, mmoja wa intenshipu, mtoto anaitwa daktari. Njia nyembamba lakini imenyooka, hata mpita njia barabara ya kumi na mbili atakuelekeza.

Kule hakuna PCB, kaka. Kuna orodha ndefu mtoto anaichagulia kwenye kompyuta kati ya Januari na Machi, somo moja moja. Asiyejua hujaza yanayojazwa na marafiki zake. AP ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo yanayofundishwa sekondari. Mtihani Mei, alama 1 hadi 5, na vyuo vingi vinamhesabia mtoto akipata 4 au 5, vingine hata 3. Udaktari wenyewe hausomwi ukitoka sekondari. Unasoma digrii ya kwanza miaka minne, somo lolote ilimradi umemaliza baiolojia, kemia ya mwanzo, kemia ogania, fizikia, na siku hizi wengi wanataka na bayokemia. Unafanya MCAT, mtihani wa kuingilia chuo cha udaktari. Ukipita unaingia chuo cha udaktari miaka minne mingine, kisha miaka mitatu au zaidi ya kufanya kazi hospitali chini ya wakubwa.

Kaka akahesabu vidole. "Miaka kumi na moja? Huyo anasomea udaktari au anapanua bandari?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana deni la wengi wanaokopa kusomea huko ni kama dola 200,000 na kulia hakusaidii.

Sasa nisikilizeni wazazi wenzangu wa Columbus, Minneapolis na Houston, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganyana kwenye harusi na misiba. "Wa kwangu anachukua AP sita." Sita za nini? AP hazifupishi udaktari. Vyuo vingi vya udaktari havikubali alama ya AP isimame badala ya masomo ya sayansi ya chuo. Vinakutaka urudie, au uchukue somo la juu zaidi kwenye fani ileile. Mtoto aliyeruka kemia ya mwaka wa kwanza kwa sababu ya 5 yake anatupwa kwenye kemia ogania na watu walioshinda maabara mwaka mzima, na alama ya ogania ndiyo kamati ya kuchagua wa udaktari inaitazama kwa miwani mbili. Faida ya AP ni msingi, na kuonyesha chuo kwamba mtoto hakukimbia gumu lililokuwepo shuleni kwake. Mbili zilizosomwa zikaiva zinatosha kabisa mwaka mmoja. Baiolojia na Kemia, kila moja mtoto aifikie akiwa ameshasoma ile ya kawaida. Kemia inataka na Aljebra II. Fizikia wa kwangu ataichukua darasa la kumi na mbili, AP Physics 1, isiyohitaji kalkulasi. Physics C, yenye kalkulasi, waachieni wanaotaka uinjinia, MCAT haiulizi kalkulasi. Nafasi ikibaki, Takwimu. Saikolojia pia si anasa, MCAT ina sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia.

Na kuna hii ya bure, College Credit Plus, kwetu Ohio: mtoto wa sekondari anasoma somo la chuo halisi, kwenye shule za serikali mzazi halipi karo wala vitabu. Bure yetu tunaijua tunavyoipenda. Ila ile alama ni ya chuo, na siku anaomba udaktari, AMCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vya udaktari, wanataka kila somo la chuo alilowahi kusoma, hata alilolisoma ana miaka kumi na tano, na linaingia kwenye wastani wake. C ya utotoni inamsubiri. Alama ya AP haina tabia hiyo, mtoto akipata 2 analia usiku mmoja, asubuhi anaendelea na maisha.

Gharama sasa. Darasa la AP kwenye shule ya serikali hulipii, mtihani unalipia. Mwaka 2025 mmoja ulikuwa dola 99, na ukichelewa kujiandikisha baada ya katikati ya Novemba unaongezewa dola 40. Zidisha kwa shilingi mwenyewe, mimi nimechoka kuzidisha mbele ya kaka. Serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo nikitaja bei ya mtihani mmoja naonekana muongo au mjinga. Kuna punguzo kwa kipato kidogo. Muulizeni mshauri, hatawaambia mwenyewe.

Lakini kaka naye asinitambie sana. Kijana kanionyesha kaunta lake la kemia, limefunikwa gazeti na nailoni juu yake. Ndani kachora byureti kwa biki ya bluu, mpaka vile vistari vya mililita kavipanga kwa rula. Byureti yenyewe, anasema, kaishika kwa zamu, kundi zima meza moja, mtihani ukikaribia. Binti yangu anavaa miwani ya maabara karibu kila wiki na analalamika inambana pua. Pale moyo ukaniuma.

Nikamfungulia maswali ya zamani ya Kemia ya AP, yale ya kujieleza, College Board, wenye mitihani ya AP, wanayaweka mtandaoni bure. Swali la moli kalimaliza nyuma ya kadi ya harusi, hana kikokotoo, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Shangazi, hili ndilo la chuo?" Nikajisikia kumpigia yule mshauri simu ya video amwone mtoto wa Ngamiani! Lililomkalisha ni lililofuata: wanafunzi wamefanya jaribio, jibu limetoka kubwa kuliko inavyotakiwa, eleza kosa gani la maabara lingeleta hivyo. Hilo hulijibu kwa kukariri. Kalitazama muda mrefu, akaomba simu yangu alipige picha.

Usiku kaka akaja na lake, nililijua linakuja. Nimchukue kijana, akasomee udaktari kule. Nimemwambia hapana, na nawaambia na nyinyi mnaoniandikia kila Januari. Vyuo vingi vya udaktari Marekani havimpokei mtu ambaye si raia na hana grinikadi. Mtamleta, atasoma digrii ya kwanza kwa karo ya mgeni, atafika mlangoni afungiwe, mkamkuta na mimi kwenye nyumba ya wazee tunageuza wagonjwa vitandani na digrii ya sayansi kichwani. Asubiri TAMISEMI wampange, hata wakimpeleka Kigoma aende na godoro lake. Asome MD hapa, ale bumu la Bodi ya Mikopo kama wenzake. Akiwa daktari kamili ndiyo aje kufanya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, wapo waliopita hivyo. Kaka kanuna. Leo asubuhi kanipa chai bila vitumbua.

Mshauri nimemjibu kwa adabu yake mwenyewe. Nimemshukuru mara tatu. Nimemwambia Baiolojia na Kemia zinabaki, nikamwomba aniandikie ni alama ipi ya mtoto iliyompa wasiwasi, na nikanakili barua kwa mwalimu wa kemia, ambaye ndiye aliyempendekeza. Mwalimu kajibu kabla yake, mistari miwili: binti yuko tayari, na kuna kitabu cha mwaka jana atamwazima cha kuanzia likizo ya kiangazi. Yule mwalimu Mungu ampe umri.

Shule yetu inaruhusu mzazi kusaini fomu ya kuingiza mtoto darasa ambalo mshauri hakulipendekeza. Ulizeni na kwenu, mara nyingi ipo ila haining'inizwi ukutani. Na mlioko Ohio mnaotaka College Credit Plus hata baada ya maneno yangu, taarifa ya nia inatakiwa iwe imefika shuleni kufikia tarehe 1 Aprili.