Shaka nayo iletwe nuruni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno lililonikalia moyoni wiki nzima ni lile la 1 Yohana 1:7, kwamba tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za walokole huku Kagera tumelijua kabla hatujajua kusoma. Kwetu kuenenda nuruni ni kusimama mbele ya ndugu na kuitaja dhambi kwa jina lake. Nimemwona baba yangu, mzee wa kanisa, akimwomba mama msamaha mbele yetu watoto kwa neno moja kali alilolitamka asubuhi. Namshukuru Mungu kwa malezi hayo. Wengi hawajawahi kumsikia baba yao akiomba radhi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kukiona kikiletwa nuruni nyumbani kwetu, nacho ni shaka.

Mnajua nimerudi kukaa na wazazi tangu nimalize chuo, nikisubiri ajira za walimu. Jioni vyombo vikishaondolewa, baba anafungua zipu ya kava la Biblia yake na tunasoma kwa kupokezana, kila mtu aya yake. Wiki hii tulifika 1 Samweli 15. Aya ya tatu ikaniangukia mimi, ile amri ya kuwaua Waamaleki, mpaka "mtoto na anyonyaye". Dada alikuwa amekaa mbele yangu, mwanawe akinyonya. Sauti ikanikatika. Nikauliza, "Baba, kichanga kilikosa nini?" Akavua miwani, akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, umepoa," yaani moto wa imani umenizimikia. Kisha akamwambia mama aombe. Mama akaniombea mimi kwa machozi, nirudi kwenye upendo wa kwanza. Swali lilibaki pale pale.

Wazazi wangu katika Bwana, shikamooni, na kwa heshima yote niruhusuni niseme. Mtoto anayeuliza hajapoa. Aliyepoa haulizi kitu. Anakaa, anaitikia amina panapotakiwa amina, na moyoni anahesabu siku za kuondoka. Wenzangu wengi niliokua nao kwenye shule ya Jumapili wako Mwanza na Dar es Salaam, na kanisani hawakanyagi. Wakija Krismasi wanaimba kwa sauti kuliko wote ili mama asiulize. Hao hamjawaita hata siku moja mkawaombea, kwa kuwa hawajawasumbua. Anayesumbua ni huyu ambaye bado anataka jibu kutoka kwenu.

Na tusisahau tulikotoka. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari mmisionari kutoka Uingereza, walipokutana Namirembe, Kampala, wote wawili walikuwa tayari watu wa kanisa. Wakakaa na Biblia na kuomba, wakitafuta kile walichoona bado wanakikosa. Kutoka kwa watu wasioridhika kama hao ukatoka uamsho huu wetu wa walokole, ukawaka Gahini kule Rwanda, ukaenea Uganda, ukavuka hadi huku kwetu. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa kuwa walikataa amri ya kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Wakubwa wao waliwaona wakaidi. Leo tunawaita baba zetu wa imani, na tunasimulia habari zao kwa fahari kwenye makongamano. Je, mtu kama Nagenda angezaliwa nyumbani kwako leo, akauliza mezani pako, ungemwambia amepoa?

Mtazameni Tomaso. Alisema wazi mbele ya wenzake kwamba hasadiki, tena akaweka na masharti. Yohana 20:26 inasema baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, "na Tomaso pamoja nao". Siku nane zote hizo hawakumtoa nje. Walikula naye, wakalala naye chini ya dari moja, yeye na shaka yake, wao na furaha yao. Na Bwana alipokuja alimkuta ndani. Kama wangemfukuza, angemkuta wapi? Wazazi, hamtakiwi kuwa na jibu la kila swali. Baba, hata ukisema "mwanangu, hapo na mimi pananishinda, tumwulize Bwana pamoja," umeshaenenda nuruni, na mtoto wako atakaa. Yuda, katika waraka wake, alituagiza tuwahurumie walio na shaka. Hakusema tuwakemee.

Vijana wenzangu, nanyi msilete swali mbele ya wageni ili kumwaibisha mzazi. Hiyo ni dharau, haina lolote la kutafuta kweli. Na kukaa kwenye ibada ya nyumbani huku una maswali si unafiki. Kaa, soma aya yako.

Naomba mniombee Jumapili hii. Nimemwambia baba nataka tusome Habakuki yote kwa mara moja, sura tatu tu, nabii aliyeanza kwa kumlalamikia Mungu, "nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Amekubali. Mama amesema atakuwepo, ila kwanza tumalize kula.