Mbwa mmoja Hond, mbwa wengi Hon

Ndugu zangu mnaokuja kufanya kazi Ujerumani, hasa tangu Kenya ilipotia saini makubaliano ya ajira na nchi hii Septemba 2024, cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2 kitawafikisha mlangoni tu. Ndani mtawakuta wazee. Mimi nahudumia wazee karibu na Marburg, jimbo la Hessen, na wengi wao wamekulia vijijini. Darasani tulifundishwa kwamba mbwa ni Hund na wingi wake Hunde. Sasa kuna mzee mmoja, mkulima wa zamani, ambaye kila nikimvalisha soksi asubuhi hunisimulia habari za mbwa wake. Akisema Hond, ni mmoja. Akisema Hon, ni wengi. Wingi ni mfupi kuliko umoja!

Wapo wanaosema wazee hawa wanameza maneno. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu kila sauti iliyopotea hapo ina sababu yake.

Tuanze na Kijerumani sanifu. Hund huandikwa kwa d lakini hutamkwa hunt, maana mwishoni mwa neno d hugeuka t. Wingi ukileta e, d haiko tena mwishoni, kwa hiyo husikika vizuri: Hunde. Huko Hessen mambo yalikwenda njia nyingine. Kutamka n, ulimi tayari uko pale pale unapotamkia d. Basi d iliyobanwa kati ya n na irabu ikayeyuka, Hunde ikawa kama Hunne. Baadaye e ya mwisho nayo ikadondoka. Umoja haukuwa na irabu nyuma yake, kwa hiyo konsonanti yake ya mwisho haikuguswa. Ndiyo maana utasikia pia Kinner badala ya Kinder, yaani watoto, na anner badala ya ander, yaani -ingine. Ukiishika kanuni hii, nusu ya maongezi ya chumba cha chakula inafunguka.

Na sisi tusishangae sana. Ulimi wingi wake ndimi, ubavu mbavu: u inatoka, n au m inaingia. Lakini ukuta ni kuta, ufunguo ni funguo. Ile n haikudumu mbele ya k na f, na wingi ukabaki mfupi kuliko umoja, kama mbwa wa mzee wangu.

Kuna jingine linalonivutia, na hili ni la Kijerumani sanifu. Rauchen, kuvuta sigara, ina ch ya kooni kama kh ya Kiarabu, kwa sababu imetanguliwa na au. Frauchen, mama mwenye mbwa, ina au hiyo hiyo, ila ch yake ni laini, ya juu ya kaakaa. Sababu ni kwamba -chen ni kiambishi kilichoungwa kwenye Frau, na sauti inauheshimu mpaka huo.

Marburg yenyewe ina hazina ya mambo haya. Mwaka 1876 Georg Wenker alianza kuwapelekea walimu wa shule sentensi za Kijerumani sanifu, akiwaomba waziandike kama zinavyosemwa kijijini kwao. Kazi hiyo ilikuja kufikia shule zaidi ya 40,000, fomu zikahifadhiwa hapa, na leo zinasomeka kwenye intaneti. Muulize mzee unayemhudumia alizaliwa kijiji gani, kisha uitafute fomu yake. Sentensi ya kwanza inahusu majani makavu yanayopeperuka hewani wakati wa baridi. Msomee kama mwalimu alivyoandika, halafu mwache akurekebishe matamshi. Wangu alichukua karatasi mkononi akaendelea mwenyewe.