Kwa asiye na mjomba: ofisi ya ajira ya chuo na kazi ya ualimu

Kila baada ya mahafali simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Dada, wewe ulipitia kwa nani?" Swali hilo hunisikitisha, kwa sababu anayeuliza ameshakata shauri kwamba Uganda hii kazi ya ualimu haipatikani bila mtu wa kukushika mkono. Mimi sikuwa na mtu. Baba yangu alikuwa boda pale Busia, enzi zile boda ni baiskeli ya kuvusha watu na mizigo kwenye mpaka wa Kenya. Mama mpaka leo anauza nyanya na dagaa upande wetu wa Uganda. Katika ukoo mzima hakuna anayejuana na mkurugenzi wa shule yoyote. Nilipitia ofisi ya ajira ya chuo, basi. Na kwa kuwa wengi wanaoniandikia wamesoma miaka mitatu bila kuingia ofisi hiyo hata mara moja, acha nieleze.

Masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Mtu akisikia hivyo huniambia nina bahati, maana walimu wa Kiswahili wanatafutwa. Ni kweli wanatafutwa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikifanya Kiswahili somo la lazima kidato cha 1 na cha 2. Korona ikazifunga shule mwezi Machi mwaka huohuo, na zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini na kihimizwe mashuleni. Shule zikajikuta zina vipindi kwenye ratiba na hazina wa kuvifundisha.

Lakini kutafutwa ni jambo moja, na kuonekana ni jambo jingine. Mwalimu mkuu wa shule binafsi akipungukiwa mwalimu wiki ya tatu ya muhula hana muda wa kutoa tangazo gazetini, akapokea bahasha na kuzichambua. Anapiga simu. Anampigia mwalimu mkuu mwenzake, anamuuliza DOS wake (mkuu wa taaluma shuleni) kama ana mtu, anampigia padri, shehe au mchungaji. Kama amewahi kupata mwalimu mzuri kutoka chuo fulani, anapiga simu chuoni. Hapo ndipo penye mlango kwa mtoto wa muuza dagaa. Ile simu inapolia ofisini, faili lako liwe tayari liko rafuni, na anayepokea simu awe anakujua kwa sura.

Nisieleweke vibaya kuhusu kazi za serikali. Huko ofisi ya chuo haina mkono. Walimu wa sekondari za serikali huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Elimu, na wa msingi huajiriwa na tume za utumishi za wilaya. Nafasi hutangazwa, unaomba, unaitwa kwenye usaili, unasubiri. Sisi wa masomo ya sanaa tunasubiri zaidi, maana msukumo wa serikali umekuwa kwenye sayansi. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi tukaachwa pale pale, na mgomo wa walimu wa mwezi Juni mwaka ule ulitokana na hilo. Kwa hiyo omba serikalini, omba kila nafasi zinapotangazwa, lakini ukisubiri huku umekaa nyumbani utasahau hata kushika chaki. Shule binafsi ndiko wengi wetu tunakoanzia, na huko ofisi ya chuo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mafaili, mafaili yamepangwa kwa jozi za masomo: Kiswahili na Historia, Kiswahili na Dini, Fasihi na Kiingereza, na kadhalika. Aliyekuwa akiiongoza ni mama mmoja wa makamo ambaye aliwahi kuwa mwalimu mkuu. Sote tulimwita Mama. Nilianza kwenda kwake mwaka wa mwisho, mara tu baada ya kurudi kutoka mazoezi ya kufundisha, wakati maandalio yangu ya somo na ripoti za wahadhiri walionikagua bado viko mkononi. Wengi hungoja mpaka watoke na joho la mahafali. Wakati huo shule zimeshafungua muhula wa kwanza mwezi Februari na nafasi za Januari zimekwisha.

Fomu yake ilikuwa ya kurasa mbili. Masomo unayofundisha, wilaya ambazo uko tayari kwenda, lugha unazozungumza, michezo au klabu unayoweza kusimamia, wadhamini. Mstari wa mwisho uliuliza kitu gani kinakutofautisha na wenzako. Nilikuwa nimeandika kwamba ni mchapakazi na ninapenda watoto. Mama akausoma mstari ule kwa sauti, akaweka kalamu ya risasi juu yake.

"Mwanangu, hilo hata mimi nitaandika. Kule kwenye mazoezi, darasani ulifanya nini?"

Nikamweleza kuhusu soko. Shule niliyofanyia mazoezi iko Buganda, katikati ya nchi, na wanafunzi wengi walikuja na fikra za nyumbani kwao, kwamba Kiswahili ni lugha ya askari. Mimi mwalimu wa Historia najua walikoitoa. Mwaka 1973 Rais Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wazee wengi kikabaki kuwa sauti ya kizuizi cha barabarani, mtu anaamrishwa atoe kitambulisho. Mimi nimekulia Busia, ambako Kiswahili ni lugha ya mama yangu akipanga bei. Basi nikaleta darasani vikapu viwili, nyanya za mafungu, vipande vya karatasi vya shilingi ya Uganda na vya shilingi ya Kenya. Nusu ya darasa wauzaji, nusu wanunuzi, na katikati nimechora mpaka kwa chaki sakafuni. Ukivuka lazima ubadilishe pesa, na mbadilishaji pesa hasikii ila Kiswahili. Kuna kijana alikuwa hajafungua mdomo tangu muhula uanze. Siku hiyo alisimama kwenye mstari wa chaki akimlalamikia mbadilishaji: "Wewe umenipunja! Rudisha pesa yangu!" Darasa zima likamgeukia. Kuanzia siku hiyo akawa hanyamazi.

"Andika hilo," Mama akasema. "Mwalimu mkuu anayehangaika na mtaala mpya anataka kusikia hilo."

Alikuwa anajua anachosema. Katika mtaala huu kazi za darasani zinahesabiwa: tathmini endelevu inabeba asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya UCE (cheti cha kumaliza kidato cha 4) na mtihani asilimia 80, na kundi la kwanza kufanya UCE kwa mfumo huo lilikuwa la 2024. Shule inamhitaji mtu anayeweza kubuni kazi ya darasani na kuweka kumbukumbu zake. Ukienda ofisini na cheti peke yake umepeleka nusu. Peleka azimio la kazi uliloandika mwenyewe, peleka ripoti ya mhadhiri aliyekaa nyuma ya darasa lako, na uwe na hadithi moja ya kweli ya somo lililofaulu.

Simu ilipokuja, ilikuwa ya nafasi ambayo wenzangu waliikataa. Mwalimu wa Kiswahili wa shule moja upande wa Mukono alikuwa anakwenda kujifungua. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi zenye malipo, na shule ilitaka wa kushika nafasi yake kwa muda huo tu. Waliotangulia kuulizwa walisema wanatafuta kazi ya kudumu. Ninawaelewa, una mkopo wa ada na wadogo zako wanakutazama. Lakini likizo za uzazi ndizo nafasi zinazoingia ofisini mara kwa mara kuliko zote, na mimi humwambia kila anayeniuliza azichukue. Mtu akikuona ukifundisha muhula karibu mzima, hahitaji kuuliza unajuana na nani.

Kabla sijapanda teksi ya Mukono Mama alinikalisha tena. Alikuwa na kumbukumbu za wahitimu waliotangulia kwenda shule ile: kama mshahara huingia kwa wakati, kama kuna nyumba za walimu, kama mwalimu anapewa chakula cha mchana. Posho (yaani ugali) na maharagwe vikiwemo, usicheke, kwa mshahara wa kuanzia hiyo ni pesa. Kwangu mimi hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote za ofisi ile, maana hakuna tangazo la kazi litakalokueleza kwamba shule fulani hulipa mshahara wa Machi mwezi Juni. Akaniambia nisianze bila barua ya ajira inayotaja mshahara, muda na majukumu, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri atoe masharti kwa maandishi. Niulize pia kuhusu NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 ya mshahara inatoka kwangu na asilimia 10 inatoka kwa shule, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye wafanyakazi wachache anawajibika. Akakagua kama nimeanza kufuatilia usajili wa ualimu wizarani. Yote hayo bila kunidai shilingi. Linganisha na bwana mmoja mjini aliyejiita wakala wa walimu, ambaye alitaka "pesa ya faili" kabla hata hajaniuliza nafundisha nini. Huyo nilimwacha na faili lake.

Usaili wenyewe ulikuwa somo la majaribio kidato cha 1, mwalimu mkuu na DOS wamekaa nyuma. Nilifundisha soko. Mwalimu mkuu alikuwa na fomu yangu mkononi, na aliponiona nachora mstari wa chaki sakafuni alimgusa DOS begani akamwonyesha karatasi. Mwenye nafasi yake aliporudi na mtoto, shule ilikuwa imeongeza mkondo mmoja wa kidato cha 1, na vipindi vilikuwa vingi kuliko mtu mmoja. Nikabaki.

Kinachoniuma ni jinsi vyuo vinavyozitendea ofisi hizi. Mama alikuwa na msaidizi mmoja, na simu ya ofisi ikiishiwa muda wa maongezi alinunua kwa pesa yake. Tunajenga majengo ya mihadhara, tunatoa maelfu ya walimu, kisha daraja la kuwavusha mpaka darasani tunamwachia mtu mmoja na rafu. Kama uko kwenye chama cha wanafunzi, dai bajeti ya ofisi hii kama unavyodai maji bwenini. Na ukishapata kazi, rudi uiambie ofisi umepata wapi, unalipwaje, shule ikoje. Zile kumbukumbu alizonisomea Mama ziliandikwa na watu waliorudi, na ukurasa wa shule yetu sasa una maelezo yangu pia.

Mwisho, tangazo. Mwenzangu wa Kiswahili na Dini amepata uteuzi wa serikali na anatuacha mwisho wa muhula huu. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nina ndugu. Nikampa namba ya ofisi ya chuo, na wameshaongea. Usaili utakuwa kabla ya muhula wa tatu kufunguliwa Septemba. Wenye jozi hiyo ya masomo, faili zenu ziwe rafuni wiki hii, na ule mstari wa mwisho wa fomu usiuache mtupu.