Okna chini ya mwembe

Nyumbani kwangu Kilifi kuna mwembe mkubwa ambao nyasi hazikubali chini yake. Wengi mahali kama hapo hupanda duranta, mmea uliotoka Amerika. Mimi nilitaka kichaka cha hapa hapa pwani, nikaichagua okna, ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Ochna thomasiana. Huota yenyewe kwenye misitu na vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania, na kivuli hakiisumbui.

Kazi kubwa iko kwenye mbegu. Ua lake ni la njano na halidumu, petali hupukutika upesi. Uzuri wenyewe huja baadaye: kikombe cha ua hugeuka chekundu cha kuwaka, na juu yake hukaa punje kadhaa zilizobanana, kijani kwanza, kisha nyeusi ti. Za kijani ziache. Zikishaiva wahi, maana shore na ndege wengine hawakungoji. Nilizichuma mpakani mwa shamba la mjomba, kwa ruhusa yake. Kwenye kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, hatuchumi kitu, na miiko hiyo ndiyo iliyotuhifadhia misitu yenyewe.

Mbegu za okna haziwekeki. Zikikauka hupoteza nguvu ya kuota, kwa hiyo nilizimenya nyama ile nyeusi, nikazisuuza na kuzipanda siku ile ile, juu juu tu, kwenye makopo marefu yenye mchanga na mboji ya majani. Makopo yalikaa kivulini, udongo ukiwa na unyevu bila kutuamisha maji. Kuota kwake kunataka subira. Majani machanga hutoka na rangi ya shaba, usidhani mche unaugua.

Mizizi yake haipendi kuguswaguswa. Masika yalipoanza nilihamisha kila mche na udongo wake wote, mbali kidogo na shina la mwembe, kisha nikarudishia majani makavu niliyokuwa nimeyafagia. Tangu hapo sifagii tena chini ya mwembe. Okna hukua polepole, na mkasi nautumia baada ya ndege kumaliza matunda.

Ndugu walio ng'ambo wameniomba mbegu, nimekataa. Huko Australia jamaa yake wa Afrika Kusini, Ochna serrulata, amekuwa gugu, ndege wakimsambaza kutoka bustanini hadi msituni.